Vijipande vya Sabuni na Maji ya Kisima

Kwetu Jambiani mikono haimalizi sabuni. Maji ndiyo yanayoimaliza. Ukanda wote huu wa mashariki ya Unguja, Makunduchi, Jambiani, Paje na kwendelea, umekaa juu ya jiwe la matumbawe. Anayechimba kisima anachimba jiwe, na maji anayoyapata yamekwisha kulala ndani ya jiwe hilo, yamebeba chokaa yake, na visima vya karibu na pwani vina kichumvi juu yake. Unaoga, unasugua na kusugua, povu halitoki. Ukimaliza kufua na kumwaga beseni, unakuta pembezoni utando mweupe unaonata ambao hautoki mpaka uukwangue. Utando ule ni sabuni yako. Chokaa iliyomo majini imeishika ikaigandisha, na ikishagandishwa hivyo haifui tena kitu. Kila unapoanza kufua, basi, fungu la kwanza la sabuni linakwenda kwenye maji, na nguo zinapata kilichobaki.

Naanza na maji kwa sababu wanaoniuliza habari ya vijipande vya sabuni vinavyobaki huwa wanataka kusikia kuyeyusha na kumimina kwenye vikombe. Hayo nitayafikia. Lakini mamangu, ambaye amelima mwani kwenye pwani hii tangu zao lenyewe lilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1980, huwa hana haraka na kijipande cha mwisho. Yeye anauliza kwanza ile sabuni nyingine yote ilikwenda wapi.

Dawa yake ya kwanza ni mvua. Masika yakianza, kila ndoo na pipa huwekwa chini ya mchirizi wa bati, na maji hayo hayatumiki kuoshea ukumbi. Ni ya kufulia nguo nyeupe na ya kukoshea vichwa vya watoto, kwa sababu hayana chokaa na kipande kidogo tu cha sabuni kinatoa povu la kutosha. Mvua zikikatika, anachukua magadi, yale yale ya kuchemshia maharage, anatia kidogo kwenye ndoo ya maji ya kisima, anakoroga na kuyaacha yatulie usiku kucha. Asubuhi anachota ya juu taratibu, na weupe uliotuama chini anaumwaga. Magadi huishika chokaa kabla haijaishika sabuni. Hilo analijua kwa mikono, mimi nimekuja kulielewa kwa skuli, na nguo zinatoka vile vile.

Dawa yake ya pili ni kukausha. Sabuni ya mche inapotoka dukani bado ina maji mengi ndani, hata ukiibonyeza kidole kinaingia. Mama haitumii siku hiyo. Anaikata vipande kwa mshipi wa kuvulia, maana kisu huipasua, kisha anavipanga kwenye susu inayoning'inia, kila kimoja mbali na mwenzake hewa ipite katikati. Baada ya wiki chache vimekuwa vidogo na vigumu, ukivigonga vinalia. Sabuni kavu huyeyuka polepole. Anatumia susu pia kwa sababu ya panya, ambaye sabuni kwake ni mafuta tu na huitafuna bila haya. Uani kuna mwizi mwingine. Kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu, walioletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 wasaidie kula taka, wameona taka haziwatoshi. Ukiacha sabuni juu ya ukingo wa karo ukageuka kuanika shuka, ukirudi iko juu ya mnazi wa jirani. Watoto wa kakangu wameshamrushia mawe mpaka wamechoka, na sabuni hawakuirudisha.

Kwa hiyo ya kuogea tunaiweka kwenye kifuu kilichotobolewa chini matundu matatu manne, kimepachikwa ukutani chini ya bati. Maji yanachuruzika, sabuni inabaki kavu mpaka mtu wa pili aingie. Zamani ilikaa kwenye kisahani cha plastiki kisicho na tundu, na kila asubuhi kisahani kilikuwa na uji wa sabuni ambao mtu aliumwaga bila hata kuufikiria. Tangu kuwe na kifuu, vijipande vinavyobaki ni vichache, na ni vigumu vya kushikika.

Sasa hivyo vinavyobaki. Vingi havihitaji kazi yoyote zaidi ya kuunganishwa na sabuni mpya, na wengi wanaosema haishiki ni kwa sababu wanaipachika ikiwa kavu na kuitumia hapo hapo. Mimi huifanya usiku, baada ya mtu wa mwisho kuoga. Kijipande nakikwaruza upande mmoja kwa ncha ya kisu, mistari ya kukatana. Sabuni mpya nayo naikwaruza pale katikati, penye maandishi yaliyochongwa, kwa sababu pale pana bonde kidogo na kijipande kinakaa vizuri. Zote mbili naziloweka kwenye maji ya uvuguvugu mpaka ziteleze, nazikandamiza, nazisukuma mbele na nyuma kidogo hewa itoke, kisha ute unaotokeza pembeni naupaka kuzunguka pale zilipoungana. Halafu hakuna ruhusa ya kuzigusa mpaka asubuhi. Zikikaa hivyo hazibanduki. Zinazobanduka ni zile za aina mbili tofauti, moja ya mafuta mengi na moja ya mche, kwa sababu moja hunywea haraka kuliko nyingine ikajivua yenyewe.

Kijipande kilichokauka mpaka kikapasuka mistari myeusi hakiungiki. Hicho kinakwenda kwenye nyavu.

Nyavu ya dagaa ina macho madogo, na kwetu vipande vyake vinavyotupwa baada ya kushonwa upya havikosekani. Nilikiomba kimoja kwa wavuvi, nikakiloweka kuondoa chumvi, nikakichemsha na majani ya mlimau kuondoa ile harufu, nikashona vifuko vya kiasi cha kiganja, mdomo unafungwa kwa kamba ya usumba. Ndani vinaingia vijipande vya kila namna, vinne vitano. Ukikisugua kifuko mikononi, nyavu yenyewe huvuta hewa ndani ya ute na povu linakuwa jingi kuliko la sabuni nzima, hata kwa maji yetu haya. Kifuko kimoja kinaning'inia kwenye kibuyu chirizi kando ya choo. Kabla ya hapo watoto walikuwa wakiidondosha sabuni mchangani, wanaiokota na mchanga wake, anayefuata anachunwa mikono, na mwisho hakuna anayenawa. Cha kuning'inia hakidondoki. Kwa mtoto mchanga nyavu haifai, nailoni inakwaruza; shonea kipande cha kanga kuukuu iliyolainika.

Wapo wanaokataa kabisa kifuko cha kushirikiana, na shangazi yangu ni mmoja wao. "Sabuni ya kila mtu ina uchafu wa kila mtu," anasema, na mbele yake sibishani, naitikia naam shangazi. Lakini jambo hili limepimwa. Jaribio moja lililochapishwa mwaka 1988 liliwapa watu 16 sabuni zilizopakwa bakteria makusudi, wakanawa nazo, na hakuna aliyekutwa na bakteria hao mikononi baada ya kunawa. Povu na maji yanayopita huwaondoa. Ninachokubaliana na shangazi ni kwamba sabuni inayolala ndani ya maji machafu ni jambo jingine, na kwamba mwenye upele au kidonda apewe kipande chake peke yake. Ndiyo maana kifuko kinaning'inia, hakikai kwenye kopo.

Vya sabuni ya mche havichanganywi na vya kuogea. Ya mche ni kali, mwili unakauka na kuwasha, khasa kwa wanaoshinda kwenye maji ya bahari wakilima mwani. Hivyo vina kopo lao. Likijaa, navikwaruza kwenye kibati nilichokitoboa kwa msumari (mbuzi ya nazi haiguswi, nazi itanuka sabuni mwezi mzima), namimina maji ya moto ya mvua, naacha mpaka siku ya pili. Kinachopatikana ni rojo la kupaka kwenye kola za kanzu na mashati ya skuli kabla ya kuyaloweka.

Hapa ndipo wengi wanapovunjika moyo, maana walitaka sabuni ya maji ya kuweka kwenye chupa. Wanaichemsha, ikiwa moto ni maji safi kabisa wanafurahi, usiku ikipoa imegeuka mlenda. Wanaongeza maji, inapoa tena, mlenda tena. Hawakukosea. Sabuni ya kipande hutengenezwa kwa magadi makali ya aina moja, na sabuni laini ya asili ya majimaji kwa ya aina nyingine, ile inayotokana na potasi. Na nyingi za chupa za dukani wala si sabuni ya mafuta, ni dawa nyingine za kutoa povu. Cha kipande ukikiyeyusha kitavutika tu. Kwangu mlenda si tatizo, unachotwa kwa kijiko na unasugua sufuria vizuri pamoja na kumbi la nazi. Isipokuwa usitengeneze mwingi. Umejaa maji na hauna cha kuuhifadhi, ukikaa sana unavunda.

Wifi yangu anayekaa mjini alikuja kututazama nikiwa na sufuria hiyo. Akaangalia, akasema, "Wifi, kamulia ndimu hapo, ikate mafuta. Mie nimeona kwenye simu." Nikamwambia hebu tuijaribu kwenye kikombe kwanza. Tukachota kikombe kimoja, akakamulia ndimu nzima. Yale maji yaliyokuwa yakivutika yakawa meupe ghafla, vikaanza kuelea vijidonge, na alipotia kidole kikatoka na mafuta. Povu halikupatikana hata la kusingizia. Sabuni ni mafuta yaliyogeuzwa kwa kostiki, yale magadi makali; ukitia ndimu au siki unayageuza yarudi kuwa mafuta. Ndimu ni nzuri kwenye samaki na siki ni nzuri kwenye achari. Kama wataka kutumia siki kwenye nguo, itie kwenye maji ya mwisho ya kusuuzia, sabuni ikiwa imekwisha kutoka, na hapo itasaidia hata kuondoa ule utando wa chokaa.

Chumvi nayo hufanya la kwake. Ukiitia chumvi nyingi kwenye maji ya sabuni, sabuni inajitenga na kupanda juu mabonge mabonge, na watengenezaji wa sabuni huitumia makusudi kwa kazi hiyo. Sisi tunaoishi pwani tunaipata bila kuitaka. Ndiyo sababu mama akitoka mwanini hujimwagia kata mbili tatu za maji ya kisima kwanza, chumvi ishuke, ndipo ashike sabuni. Sabuni iliyotokana na mafuta ya nazi huvumilia zaidi. Ile ya mwani wanayotengeneza akina mama wa Paje, yenye mafuta ya nazi na unga wa mwani, na karafuu au mchaichai kwa harufu, hutoa povu kwenye maji ambayo sabuni nyingine imeshindwa. Vijipande vyake sivichanganyi na kitu. Vikikaribia kuisha naviweka baina ya kanga kwenye kabati.

Sasa kuyeyusha. Sikuwahi kuona faida yake kwa vijipande vya nyumba moja. Kukusanya nusu kilo ya mabaki ya watu sita ni kazi ya miezi, na ukiwasha mkaa kwa ajili hiyo peke yake, mkaa umekula bei ya sabuni. Mambo yalibadilika mtoto wa dada yangu alipopata kazi ya usafi wa vyumba kwenye hoteli moja ya ufukweni. Mgeni anafungua sabuni ndogo, ananawa mara mbili, anaondoka. Anayekuja baada yake lazima akute mpya. Zilizofunguliwa zilikuwa zinakwenda pipani. Aliomba ruhusa kwa mkubwa wake, akapewa, na jioni moja akaniletea mfuko ambao niliupokea kwa mikono miwili.

Kazi hii ina watu walioifanya kwa ukubwa. Derreck Kayongo, mzaliwa wa Uganda ambaye baba yake alikuwa akitengeneza sabuni, alishangaa kuona hoteli za Marekani zinatupa sabuni zilizoguswa kidogo, na mwaka 2009 akaanzisha mjini Atlanta mradi wa kuzikusanya, kuzisafisha, kuzitengeneza upya na kuzipeleka kwa wasiokuwa nazo. Wao walikuwa na mitambo. Mimi nina sufuria mbili.

Kwanza kila kijipande nakiparura juu kwa kisu, nywele na rangi ya juu vitoke, nakisuuza. Kisha nakikwaruza kwenye kile kibati. Nangoja mpaka chakula cha mchana kiwe kimeiva na makaa bado yana moto, kwa sababu hapo moto ni wa bure na umekwisha kupoa kiasi. Sufuria kubwa ina maji, ndogo inakaa ndani yake na sabuni, maji ya mvua yananyunyizwa kidogo, ya kulowesha tu. Ukiiweka juu ya moto moja kwa moja itaungua chini na kufurika juu kwa wakati mmoja. Na usingoje ikawa maji. Sabuni iliyokwisha kuwa sabuni haiyeyuki tena ikamiminika; inalainika, inashikana, inabaki na madongemadonge, na ukiongeza maji ukitumaini itatiririka utapata sabuni itakayonywea na kupasuka ikikauka. Geuza kwa mwiko polepole, usipige, povu likiingia ndani sabuni inakuwa na matundu. Baada ya kama saa moja inakuwa nzito, inang'aa kidogo. Ichote, ishindilie kwenye kifuu au boksi la maziwa kwa mgongo wa kijiko, ugonge chini hewa itoke.

Kostiki haihitajiki hapa, na anayekwambia uongeze usimsikilize. Kostiki ilikwisha kufanya kazi yake kiwandani. Ukiitia tena haina mafuta ya kula, itakula ngozi yako.

Siku ya pili natoa, nakata, nakwenda kuvipanga kwenye susu pamoja na vya mche. Vinakaa wiki tatu nne. Sura yake haina uzuri, rangi ni ya madoadoa, na harufu ndiyo balaa: waridi, ndimu, na zile za kigeni ambazo sijui hata ni za nini, zote kwa pamoja. Nilijaribu kutia karafuu ya kusaga kuifunika, ikawa harufu nne badala ya tatu, na chembe zake zinakwaruza. Siku hizi nazitenga kabla, nyeupe peke yake na za rangi peke yake, na sitii kitu. Nyeupe tunaogea. Za rangi zinakwenda kwenye vifuko vya nyavu, na vifuko viwili vimefika madrasa ya hapa jirani, kwenye mabomba ya kutilia udhu.

Baadhi ya zile ndogo za hoteli hazilainiki hata zikae kwenye mvuke mpaka Alasiri. Zinabaki unga unga mkavu. Hizo si sabuni ya mafuta. Zitie kwenye kifuko tu, zitanawika.

Kuna matumizi mengine ya kupita. Zipu iliyokwama, ipake sabuni kavu juu na chini ya meno yake. Skrubu inayoingia kwenye mbao ngumu, ichomeke kwanza kwenye sabuni, fundi seremala yeyote atakwambia. Vidukari kwenye mpilipili hufa kwa maji ya sabuni, ukiwanyunyizia wenyewe chini ya majani, jioni, kwa maji ya mvua. Ukinyunyizia palipo patupu hakuna unachomuua.

Vile vyembamba kabisa, vinavyokaribia kupitisha mwanga, mimi sivitumii tena. Vina mwenyewe. Fundi cherehani wa mtaani kwetu anachorea nguo kwa sabuni, anasema chaki inavunjika na inaacha alama, sabuni inatoka kwa pasi au kwa maji. Anataka nyeupe kwa vitambaa vya rangi na za rangi kwa vitambaa vyeupe vya kanzu, na makali yake yawe yamekauka barabara. Nampelekea kikopo kila kikijaa, naye hapokei pesa kwa kupunguza suruali za skuli za watoto. Mara ya mwisho alinirudishia vitatu. Alisema ni vinene mno, kaviogeeni kwanza.